Maria Magdalena hakuwa kahaba

Jamani hii imekaa sana vichwani mwa watu, eti Maria Magdalena alikuwa kahaba. Kwenye Injili hulikuti hilo popote. Luka 8 inasema alitokwa na pepo saba, na alikuwa kati ya wanawake waliomhudumia Yesu kwa mali zao, basi. Shida ni jina, Miriamu la Kiebrania lilikuwa la kawaida mno enzi zile kwa hiyo kina Maria wako kibao, halafu mwaka 591 Papa Gregori wa Kwanza kwenye mahubiri akamchanganya huyu na Maria wa Bethania dada yake Lazaro, na yule mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7 ambaye hata jina hakutajwa, ndo hapo habari ya ukahaba ikaanzia. Kalenda ya Kikatoliki ya sikukuu za watakatifu ya 1969 ikawatenganisha. Inaniuma kweli, maana kwenye Yohana 20 yeye ndo wa kwanza kumwona Yesu amefufuka.