Propela ya mbele si mapambo

Huyu alikuwa mteja wa nne mwenye kosa hili tangu mwaka uanze. Pikapu ya Land Rover Defender, ya kubeba viazi, imetoka pande za Mau Narok ikivutwa na trekta mpaka barabara kubwa, halafu lori likaileta gereji yangu hapa Nakuru. Mwenyewe ni mzee wa heshima zake. Ananiambia, "Fundi, giaboksi imekufa. Natia gia, injini inalia tu, gari halitoki." Nikainama kuchungulia. Propela ya mbele, ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele, haiko.

"Mzee, propela iko wapi?"

"Si niliitoa? Ilikuwa inakunywa mafuta."

Haya. Leo naandika, ili wa tano akija nimpe simu asome mimi nikinywa chai.

Najua imani hii, kwamba kutoa propela ya mbele kunaokoa mafuta, ilikotoka. Land Rover za Series, zile zilizokoma kutengenezwa mwaka 1985, hutembea kwa magurudumu ya nyuma peke yake mpaka ubonyeze mkono wa manjano. Land Cruiser nyingi za rika lile nazo ni hivyo hivyo, tena ukizikuta na habu za kufungua kwa mkono unazungusha kidude pale kwenye gurudumu, mbele yote inalala. Magari hayo ukiyatoa propela ya mbele yanaenda kama kawaida. Waliojifunza kwayo wakawafundisha wanao, nao wakanunua Defender.

Defender hizi za zamani zina transfa kesi ya LT230, boksi lililo nyuma ya giaboksi la kugawa nguvu mbele na nyuma, ambayo One Ten, mama yao, ilikuja nayo mwaka 1983, na magurudumu yote manne yanavuta muda wote. Katikati ya boksi kuna difu ya tatu, mbali na zile mbili za ekseli. Kazi yake ni kuruhusu mbele na nyuma vizunguke kwa mwendo tofauti kidogo kwenye kona. Na tabia ya difu ni ya mvivu: nguvu inakimbilia upande usio na kazi. Ukitoa propela ya mbele, upande usio na kazi ni ile flenji tupu, kisahani cha kufungia propela, inayozunguka hewani. Nyuma kunabaki kimya. Ndiyo hiyo "giaboksi imekufa".

"Lakini fundi wangu aliniambia nifunge difu loki," yaani ile loki inayoikaza difu ya katikati ili mbele na nyuma vizunguke pamoja. Hapa ndipo ninapochoka, kwa sababu huyo fundi hakukosea kabisa, na ukweli nusu ni mgumu kung'oa kuliko uongo mzima. Ndiyo, ukifunga loki gari litakwenda. Krosi ya propela, kile kiungo chake kinachokunja, ikikatika uko Subukia na giza linaingia, itoe hiyo propela, funga loki, nenda nyumbani. Hata mimi nimefanya. (Ukitoa ya nyuma, kumbuka drumu ya hendibreki iko kwenye mtoko wa nyuma wa transfa. Loki isipokuwa imeshika, hendibreki yako haishikilii gurudumu lolote. Weka mawe.) Tena lile onyo la kutofunga loki kwenye lami linahusu gari lenye propela zote mbili, maana ndilo linalojikaza kama kamba iliyosokotwa mpaka kitu kiachie. Propela moja ikiwa nje hakuna cha kujikaza. Nakubali yote hayo.

Ninalokataa ni kuishi hivyo. Sasa mzigo wote unapita nyuma: mtoko wa nyuma wa transfa, krosi za nyuma, difu ya nyuma, hafu shafti za nyuma zinazozungusha magurudumu. Na mwendo wote wa gari umetundikwa kwenye meno mafupi ya loki, ambayo yanasukumwa na fito zilizojaa kutu kwa sababu hakuna aliyezitia grisi tangu mnadani. Meno yakiisha ncha, loki inaruka mlimani ukiwa na magunia nyuma. Dereva anadhani gia imechomoka, anakanyaga mafuta. Ile flenji tupu inazunguka mara mbili ya mwendo wa difu yenyewe. Anakanyaga tena.

Na hayo mafuta mnayookoa? Defender haina habu za kufungua. Gurudumu la mbele likizunguka, hafu shafti inazunguka, kraunwili (gia kubwa ya ekseli) inazunguka, pinioni (gia ndogo yake) inazunguka, oili inakorogwa vile vile. Umekisimamisha chuma kimoja tu, ile propela. Niliwahi kulijaribu gari langu mwenyewe, Kisumu kwenda na kurudi, tangi limejazwa mpaka mdomoni, safari moja ikiwa na propela na nyingine bila. Tofauti ilikuwa ndogo hata siwezi kuapa haikuwa upepo au mguu wangu. Labda kuna kitu kidogo. Hakilipi hafu shafti.

Turudi kwa mzee wa viazi. Kuitoa boksi ya transfa sina haja ya kueleza: mwaga oili, ng'oa sakafu ya kati, tenga propela na fito, jeki chini, watu wawili wasiogombana. Nilipoipasua difu ya katikati, zile gia nne ndogo zilikuwa zimekula pini zao. Pini zinakaa kama msalaba, na mpya hung'aa kama kijiko. Hizi zilikuwa za buluu kama shingo ya njiwa, moja imechomelewa na gia yake kwa joto mpaka nikaigonga kwa nyundo. Washa, vile visahani vya nyuma ya gia, zimebaki karatasi. Meno ya loki yamekuwa mviringo. Nilimwita mzee aguse. Aligusa, akanyamaza muda, akauliza bei.

Sasa, ukishaifungua boksi, usibadilishe kilichokufa tu ukafunga. Angalia shafti ya katikati, ile iliyobeba gia tatu zilizoungana. Oringi zake, zile pete za mpira, zikichoka inavuja mbele, watu wanasema Land Rover isiyovuja imeisha oili, wanacheka. Mara nyingi oringi mpya inatosha. Lakini kama shafti imelilegeza tundu lake kwenye ganda, utaweka oringi kila mwezi na itavuja kila mwezi.

Beringi za shafti hiyo ndizo zinazoninyima usingizi. Zinatakiwa zibanwe kidogo: zisicheze, zisikwame. Boksi za mwanzo zina spesa ngumu, bomba fupi la kutenganisha beringi, inayochaguliwa kwa kipimo. Za baadaye zina spesa inayosinyaa. Unakaza nati huku ukipima uzito wa kuzungusha, na ukipitiliza hakuna kurudi nyuma, unanunua spesa nyingine. Mimi nazungushia uzi kwenye gia, navuta kwa mzani mdogo wa kuning'iniza. Kitabu kinatoa namba, ila beringi mpya na iliyotumika hazizunguki kwa uzito sawa. Ukirudisha beringi iliyokwisha kujilaza, na mara nyingine narudisha, maana heri ya zamani halisi kuliko mpya ya bandia yenye katoni nzuri, unabaki na mkono wako na kumbukumbu. Mwaka juzi mkono ulinidanganya. Boksi ikatoka hapa kimya, ikaanza kulia kama mluzi ikifika kilomita 60 kwa saa. Niliifungua upya bila malipo, na hata leo sijui kama nilibana sana au beringi ilikuwa na kovu nisiloliona.

Kingine kabla hujafunga: pale shafti ya giaboksi inapoingilia gia ya kwanza ya transfa. Huhitaji hata kuishusha boksi kuona. Fungua kifuniko cha nyuma, kile cha kutolea nguvu ya mashine, vuta ile gia. Ukikuta unga mwekundu kama pilipili ya kusaga, meno yanakulana bila oili. Gia za baadaye zimetobolewa ili oili ifike hapo. Ukinunua, nunua hiyo. Mlio wa "tak" ukikanyaga na kuachia mafuta mara nyingi huanzia hapa, au kwenye krosi, au kwenye flenji za magurudumu. Usimwambie fundi abadilishe transfa kesi nzima.

Oili ni 80W-90. Tafadhali msinijazie ile nzito ya 140 "ili inyamaze". Na ukiiokota boksi ya Discovery, Land Rover nyingine, jua gia yake ya juu ni 1.22, ya Defender ni 1.41. Itaingia, itafunga, halafu mlimani Timboroa gari litakosa nguvu na mzigo, utaniita.

Mzee alikuja kuchukua gari Ijumaa. Nilikuwa nimemwambia aje na propela, la sivyo funguo simpi. Aliileta kwenye bodaboda imefungwa kwa mpira, na mavi ya kuku yamekaukia katikati. Ilikuwa nguzo ya banda. Krosi zote mbili zimeshika kutu, hazikunji. Nikamtuma tena dukani.