Kotisoli na uchokozi: je, homoni ya msongo ndiyo inayotugombanisha?

Kotisoli ni homoni inayotengenezwa na tezi za adrenali, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Kwa kuwa imezoeleka kuitwa homoni ya msongo, watu wengi huamini kwamba ikipanda, hasira nazo hupanda, na mtu huanza kupigana. Kuna ukweli hapo, ila wapo pia watu wakali kupindukia ambao kotisoli yao iko chini.

Tuanze na inavyofanya kazi. Hatari ikitokea, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hupeleka ishara kwenye tezi ya pituitari, nayo huziamuru adrenali zimwage kotisoli kwenye damu. Sukari ya damu huongezeka ili ubongo na misuli vipate nguvu. Kotisoli ikishatosha, yenyewe huuambia ubongo uache kuagiza nyingine. Adrenalini, homoni nyingine ya hatari inayotoka kwenye tezi hizo hizo, hufika kwa sekunde chache, lakini kotisoli huchelewa: kilele chake huja kama dakika 20 hadi 30 baada ya jambo kuanza. Kwa hiyo anayerusha ngumi papo hapo baada ya kutukanwa hajasukumwa na kotisoli ya tusi hilo. Kinachoweza kumponza ni ile aliyokuja nayo.

Hapa panya wametufundisha mengi. Mwaka 2004, Menno Kruk na wenzake walionyesha kwamba ukichochea kwa umeme eneo la haipothalamasi linaloamsha mashambulizi, homoni ya msongo ya panya hupanda hata kama hakuna mpinzani wa kupigana naye. Wakageuza jaribio: panya aliyepewa homoni hiyo alikuwa mwepesi zaidi kushambulia. Yaani msongo huchochea ukali, na ukali nao huchochea msongo, na yote hayo hutokea ndani ya dakika. Binadamu si panya, lakini mzunguko huo unasaidia kueleza kwa nini aliyeshinda na msongo hulipuka kwa jambo dogo, na kwa nini akishalipuka ni vigumu kumtuliza.

Jambo linaloniumiza zaidi katika mada hii limetoka kwa nyani. Robert Sapolsky alitumia miaka mingi kuwafuatilia nyani wa porini nchini Kenya na kupima homoni zao. Dume akishindwa katika ugomvi, mara nyingine humgeukia mnyonge ambaye hakuwamo kabisa, akamng'ata au kumfukuza. Madume wenye tabia hiyo walikutwa na kiwango cha chini cha homoni za msongo. Haithibitishi kwamba kumwonea mwingine ndiko kulikowatuliza, lakini inatia shaka ushauri ule wa "toa hasira zako utapata nafuu". Huenda nafuu ipo, na anayeilipia ni mtoto au mke ambaye hakukosea lolote.

Sasa tuje upande wa kotisoli ya chini. Uchokozi haufanani wote. Upo wa kujibu, wa mtu aliyechokozwa au aliyeingiwa na hofu, na upo wa kukusudia, wa anayeumiza wenzake kwa utulivu ili apate anachotaka. Mwaka 2000, Keith McBurnett na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wavulana 38 wa miaka 7 hadi 12 waliokuwa wamepelekwa kliniki kwa matatizo ya tabia. Waliokuwa na kotisoli ya chini kwenye mate ndio walioonyesha uchokozi ulioanza mapema na kudumu. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mwili usioingiwa na hofu hauogopi adhabu. Lakini tusikimbilie kusema mtoto kazaliwa mbaya, maana mwili ulioteswa kwa muda mrefu nao unaweza kufikia hatua ya kuacha kuitikia msongo. Mtoto huyo huenda aliogopa mno, mapema mno.

Kuna pia wazo la mwaka 2010 la Pranjal Mehta na Robert Josephs, kwamba testosteroni, homoni ya kiume, huchochea ubabe pale kotisoli inapokuwa chini. Tafiti zilizofuata zimeliunga mkono kwa udhaifu.

Kwa hayo yote, hakuna kipimo cha mate kinachoweza kumtambua mtu katili. Kotisoli hupanda muda mfupi baada ya kuamka na kushuka sana usiku, kwa hiyo namba moja isiyo na saa haisemi kitu. Wanaouza vidonge vya "kushusha kotisoli" ili kutibu hasira wanauza matumaini tu.

Dawa zinazohitaji uangalifu wa kweli ni zile za jamii ya kotisoli, kama prednisoloni. Zinaweza kumbadilisha mtu hisia, akawa mwepesi wa kukasirika au akakosa usingizi. Ukiona hivyo kwako au kwa ndugu yako, mwone daktari haraka, wala usiache dawa ghafla, kwa sababu adrenali zilizopumzishwa na dawa hizo kwa wiki nyingi huhitaji muda kurudia kazi yake.