Tofali jeusi katikati ya galaksi yetu: gesi imejaa, nyota ziko wapi?

Mwezi wa saba au wa nane, ukiwa mahali pasipo na taa za mji, toka nje saa tatu usiku uangalie juu, utaona ule mkanda mweupe wa Njia ya Maziwa. Pale ulipo mnene kuliko kwingine, kwenye kundi la Kausi, ndo upande wa katikati ya galaksi yetu, kama miaka ya mwanga 26,000 kutoka hapa. Yale madoa meusi watu wanadhani ni matundu yasiyo na nyota, kumbe ni vumbi na gesi vimetuziba, na mwanga wa kawaida wa kule katikati haupenyi kabisa, hata uwe na darubini kubwa vipi.

Mawimbi ya redio yanapenya. Ila kuna kikwazo, gesi yenyewe karibu yote ni haidrojeni, na molekuli ya haidrojeni ni atomi mbili pacha, ikiwa kwenye baridi kali iko kimya tu. Kwa hiyo tunasikiliza anayetembea nayo, yaani kaboni monoksaidi, hiyohiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Yenyewe inazunguka, na ikipunguza mzunguko inatoa wimbi la milimita 2.6, masafa ya gigahezi 115, mara elfu moja hivi juu ya redio yako ya FM. Wimbi hilo linanyonywa na unyevu wa hewa, ndo maana antena 66 za ALMA, darubini kubwa ya redio, zikapelekwa jangwa la Atacama kule Chile, mita 5,000 juu, Dar ingekuwa kazi bure. Masafa yakipanda kidogo tunajua gesi inakuja kwetu, yakishuka inaenda zake.

Sasa kuna wingu moja kule linaitwa Tofali, sababu kwenye picha za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) linaonekana kipande cheusi tii. Lina gesi ya kutosha kutengeneza jua zaidi ya laki moja, na kwa uzito huo mawingu ya huku jirani yangekuwa yanazaa nyota kwa fujo. Hili karibu halizai nyota kabisa. Wengine wanataja sumaku, wengine mvuto wa katikati unaolivuta na kulinyoosha, mi naegemea msukosuko, maana vipimo vinaonyesha gesi ya ndani inakimbizana kilomita nyingi kwa sekunde, itatulia saa ngapi ijikusanye iwe nyota?

Na si kwamba kule nyota hazizaliwi, Sagittarius B2 ni wingu la eneo hilohilo na linazaa kwelikweli, tena lina pombe, ethanoli ilionekana humo mwaka 1975 (wanafunzi wakifika hapa wote wanaamka). Kwenye Tofali, ALMA imekuta kona moja tu ambako vinyota vichanga vimeanza kutema gesi.