Americana ni muziki gani, na kwa nini hutajwa pamoja na kantri?

Kila mwaka unapokaribia kwisha, wachambuzi wa muziki Marekani hutoa orodha za albamu bora, na wengi huweka kantri na Americana kapu moja. Mkenya aliyekua akisikiliza Jim Reeves na Kenny Rogers redioni anaijua kantri vizuri. Hii nyingine je?

Chanzo chake ni redio. Miaka ya 1990 stesheni za kantri ziliegemea nyimbo zilizokaribia pop, na waliopiga kantri ya kizamani, folk, bluegrass (muziki wa banjo, fidla na gitaa bila umeme) au roki yenye asili ya kusini wakakosa pa kupigwa. Mwaka 1995 jarida la Gavin, lililosomwa na watu wa redio, likaanzisha chati ya Americana. Mwaka 1999 kikaundwa chama cha Americana Music Association huko Nashville, na Grammy ikatenga tuzo ya albamu ya Americana mwaka 2010. Wa kwanza kuichukua ni Levon Helm, aliyekuwa mpiga ngoma wa The Band.

Kwa hiyo usitafute mdundo wa Americana, haupo. Gitaa ni lile lile, fidla ni ile ile. Tofauti iko kwenye njia ya kumfikia msikilizaji. Kantri hupitia lebo kubwa za Nashville, redio na tuzo za CMA (Country Music Association). Americana hutegemea zaidi lebo ndogo, matamasha na watu ambao bado husikiliza albamu nzima.

Ndiyo maana mpaka wenyewe haukai. Mwaka 2015 albamu ya Jason Isbell, Something More Than Free, iliongoza chati za Billboard za kantri, folk na roki. Grammy wakaipa tuzo ya Americana. Sturgill Simpson alitajwa na Americana Music Association kuwa msanii bora wa mwaka 2015, kisha mwaka 2017 akabeba Grammy ya albamu bora ya kantri. Naye Tyler Childers, alipopewa na chama hicho tuzo ya msanii chipukizi mwaka 2018, alipanda jukwaani akasema yeye ni mwimbaji wa kantri. Tuzo aliichukua, lakini.

Kisha kuna Beyoncé. Albamu yake, Cowboy Carter, haikupata uteuzi hata mmoja kwenye CMA za Novemba 2024; Februari 2025 ikashinda Grammy ya albamu bora ya kantri. Albamu haikubadilika, wapiga kura ndio waliobadilika: CMA ni watu wa biashara ya kantri, Grammy ni wanamuziki na watayarishaji wa kila aina. Na banjo inayosikika kwenye wimbo wake Texas Hold 'Em imepigwa na Rhiannon Giddens, mwanamuziki ambaye kwa miaka mingi amekuwa akikumbusha watu kwamba ala hiyo ilianzishwa Marekani na Karibiani na Waafrika waliopelekwa utumwani. Ukilijua hilo, swali la nani ana haki ya kuitwa msanii wa kantri linakuwa la ajabu kidogo.

Mimi napendelea orodha inayochanganya zote mbili, kwa sababu anayezitenganisha hulazimika kuiacha nje albamu nzuri kwa kosa la kutokuwa na kabila. Grammy wao wanazidi kugawa: kuanzia tuzo za 2026, albamu ya kantri ina vipengele viwili, cha kisasa na cha jadi, na Americana imebaki na chake. Lebo ndiyo inayoamua ipeleke albamu kipengele gani, ingawa kamati inaweza kuihamisha.