Leseni ya gari kwenye gemu ni kitu gani, na kwa nini gemu uliyoilipia inaweza kupotea

Leseni ya gari kwenye gemu ni ruhusa ya maandishi ambayo kampuni ya magari, tuseme Toyota au Nissan au Ferrari, inaipa kampuni inayotengeneza gemu ili itumie jina la gari, nembo yake, umbo lake na mara nyingi hata mlio wa injini. Kwa kifupi ndo hivyo. Ila ile karatasi haiishii kwenye ruhusa tu, mna masharti ndani yake, gari ionekane vipi na isifanywe nini, mna suala la nani mwengine asipewe, na kubwa kuliko yote mna tarehe ya mwisho. Sisi tunaocheza hatuioni karatasi hiyo hata siku moja lakini mengi yanayotuudhi kwenye gemu za gari za siku hizi yanatoka mle, ndo mana nimeona nieleze taratibu, sababu vijana wanabishana barazani mpaka usiku gemu gani mbovu na gemu gani nzuri, kumbe wanachobishania kimeshaamuliwa na mawakili huko Japani na Ujerumani.

Chukua mtu aliyekodi fremu Darajani. Rafu kanunua yeye, mali katia yeye, wateja kawatafuta yeye, lakini ukuta si wake, na siku mkataba ukimalizika mwenye nyumba akikataa kuendelea au akapandisha kodi, vitu vinatoka nje. Mtengeneza gemu yuko hivyo hivyo kwa kila gari aliyoiweka, na gemu moja kubwa kama Gran Turismo 7 ilitoka na magari zaidi ya 400, Forza Horizon 5 zaidi ya 500, yaani mikataba chungu nzima na makampuni tofauti.

Kwani lazima waombe? Zamani watu walikuwa wanachora tu. OutRun ya Sega, ya mwaka 1986, ina gari nyekundu ya wazi ambayo kila mtu anaona ni Ferrari Testarossa, na leseni Sega hawakuwa nayo, gemu ilipokuja kutolewa upya miaka ya karibuni gari ikabadilishwa umbo kidogo isifanane sana. Kisheria jambo lenyewe wala halijanyooka kama wengi wanavyodhani. AM General, wanaotengeneza Humvee za jeshi, waliishtaki Activision huko Marekani mwaka 2017 kwa kuziweka Humvee kwenye Call of Duty bila ruhusa, na mwaka 2020 jaji wa New York akawapa ushindi Activision, hoja yake ni kwamba gemu ni kazi ya sanaa, inalindwa na uhuru wa kujieleza, na kuonyesha gari ya kweli kunasaidia vita vionekane vya kweli. Lakini ile ni gemu ya vita, gari inapita tu. Kwenye gemu ya mbio gari ndo bidhaa yenyewe, ndo iko kwenye kasha, na hakuna studio inayotaka kwenda mahakamani na makampuni ishirini kwa pamoja kujaribu bahati yake. Tena wanawahitaji hao wenye magari, sababu ndo wanaotoa michoro kamili ya kompyuta, ndo wanaoruhusu gari ipigwe picha ndani nje na injini irikodiwe.

Sasa tuje kwenye kero zenyewe. Ya kwanza ni mmoja kupewa peke yake. Kuanzia mwaka 2000 hivi mpaka mwisho wa 2016 Porsche waliwapa Electronic Arts, wenye Need for Speed, haki ya peke yao, mwengine yeyote akitaka gari ya Porsche kama 911 akawaombe EA kwanza. Ndo mana waliokulia kwenye Gran Turismo za PS1 na PS2 wanaijua RUF kuliko wanavyoijua Porsche. RUF ni kampuni ndogo ya Ujerumani inayochukua bodi za Porsche na kuunda magari yake, na kule inatambuliwa kama mtengeneza magari kamili anayejitegemea, kwa hiyo gemu nyengine zikapitia mlango huo. Forza Motorsport 4 ya mwaka 2011 ilitoka bila Porsche, mwaka uliofuata kikauzwa kifurushi cha Porsche kwa pesa nyengine. Mchezaji hakufanya kosa lolote pale, kakuta makampuni mawili yameshakubaliana na yeye ndo analipa mara mbili.

Kero ya pili ndo inayoulizwa sana, kwa nini gari haiharibiki. Kaa kwenye kibanda chochote cha gemu, iwe Chake au Mwanakwerekwe, utamuona mtoto yuko kwenye Gran Turismo, kaingia kona na spidi mia mbili, kapiga ukuta uso kwa uso, gari inadunda, inarudi njiani, ukiangalia kwa mbele mna mikwaruzo tu, taa nzima, kioo kizima, anakanyaga mafuta anaendelea. Halafu TV ya pembeni yake kuna mwengine anacheza GTA San Andreas kwenye PS2, gemu ya mwaka 2004, na mle boneti linanyanyuka, mlango unaning'inia mpaka unadondoka, moshi unatoka, gari inawaka. Mtoto anauliza iweje ya zamani iwe na akili kuliko ya sasa. Jibu ni kwamba magari ya San Andreas hayana mwenyewe, Infernus na Elegy hazikuundwa na kiwanda chochote, hakuna wa kulalamika. Gari yenye leseni ina mwenyewe, na makampuni mengi hayataki dunia ione gari yao imekunjika mpaka kwa dereva, au imepinduka magurudumu juu, au inaungua, na watengeneza gemu wenyewe wameshalisema hilo hadharani mara nyingi. Sisemi ni leseni tu, kuigiza uharibifu vizuri ni kazi nzito kwa kompyuta na kuna studio ambazo hazijali sana, Gran Turismo yenyewe ilikaa mpaka ya tano, mwaka 2010, ndo ikaanza kuonyesha uharibifu kwenye bodi ya gari. Lakini ukitaka kujua nini kinawezekana mtu asipokuwa na mwenye gari juu ya kichwa chake, tazama BeamNG.drive. Mle magari yote ni ya kubuni, majina yake Ibishu, Gavril, ETK, na ukigonga nguzo unaona chuma kinajikunja pale pale ulipogonga, rejeta inavuja, injini inapanda joto, tairi ya upande mmoja imekwenda upande na usukani unavuta. Kijana anayecheza ile anajifunza spidi ni kitu gani, na mimi naona ni hasara kubwa kwamba gemu zenye magari anayoyaona barabarani kila siku ndo hazimuonyeshi.

Na kwa kuwa nimetaja magari ya barabarani, tuje kwa Toyota, hii inatuhusu sisi zaidi. Unguja na Pemba zinatembea kwa Toyota, Noah, Vitz, IST, Mark II, Rav4 za kukodisha watalii, ukisimama kwenye mzunguko wa Amani dakika tano utachoka kuzihesabu. Need for Speed Underground 2 ya 2004 ilikuwa na Supra na ile Corolla AE86, Most Wanted ya 2005 ilikuwa na Supra. Baadae Toyota wakajitoa. Forza Horizon 4 ilipotoka 2018 magari ya kawaida ya Toyota hayamo, Need for Speed Heat ya 2019 hayamo, na mwaka huo huo 2019 ukurasa wa Toyota Uingereza ukamjibu mchezaji mmoja kwamba magari yao yako Gran Turismo Sport, gemu ambayo kwa maneno yao haihamasishi mbio haramu za barabarani, jibu hilo wakalifuta baadae. Kwenye Forza wakarudi baada ya muda. Mimi siwalaumu kwa kuwa na wasiwasi na mbio za barabarani, ni wasiwasi wa kweli, tumezika vijana kwa boda na gari hapa hapa. Ninachosema ni kwamba hayo ni maamuzi ya kampuni moja na yanaweza kugeuka wakati wowote, mchezaji anayetaka kuiendesha gari ya babaake kwenye gemu hana pa kusema.

Kero ya tatu ndo nzito kuliko zote, tarehe ya mwisho. Leseni ikimalizika kampuni haiwezi kuendelea kuuza gemu ile, kwa hiyo inaondolewa kwenye maduka ya onlaini. Forza Horizon 3 iliondolewa Septemba 2020, Forza Motorsport 7 Septemba 2021, haijafikisha hata miaka minne tangu itoke, Project CARS zote mbili za mwanzo zikaondoka 2022, Forza Horizon 4 tarehe 15 Desemba 2024. Hapa watu wanachanganya kitu kimoja, kuondolewa dukani si kufutwa. Aliyeinunua kabla bado anaweza kuishusha na kuicheza, asiyeinunua ndo keshakosa, abaki kutafuta sidii za mtumba.

Kufutwa ni jambo jengine na limeshatokea. The Crew ya Ubisoft ilitoka 2014, mtu unaendesha Marekani nzima pwani mpaka pwani, na wengi waliicheza peke yao, lakini iliundwa haifunguki bila kuungana kwa intaneti na seva, yaani kompyuta za kampuni. Desemba 2023 wakaiondoa dukani, tarehe 31 Machi 2024 seva ikazimwa, na katika sababu walizotoa mlikuwa na mambo ya seva na mambo ya leseni. Aliyelipa akabaki na ikoni. Hata mwenye sidii mkononi haimsaidii kitu. Ni kutokana na hilo ndo Ross Scott, mtengeneza video za gemu wa YouTube, akaanzisha Stop Killing Games mwezi Aprili 2024, harakati ya kudai gemu iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka, na Ulaya ombi lake likavuka saini milioni moja mwaka 2025. Ubisoft nao wakatangaza The Crew 2 na The Crew Motorfest, gemu zilizofuata baada ya ile, zitawekewa njia ya kuchezwa bila intaneti, kumbe ilikuwa inawezekana siku zote.

Kwa mtu wa huku kwetu hili linauma zaidi. Gemu hizi zinazidi GB mia, mtu anakusanya bando mwezi mzima, au anaomba kukaa na waifai ya hoteli usiku ashushe kidogo kidogo, halafu akimaliza inamtaka awe hewani kila anapowasha. Gran Turismo 7 yenyewe Machi 2022 apdeti moja iliharibika na seva zikazimwa zaidi ya saa thelathini, na kwa muda wote huo sehemu kubwa ya gemu haikufunguka hata kwa mtu anayecheza peke yake chumbani kwake. Umeme ukikatika tunajua wa kumlalamikia, hapa unamlalamikia nani yakhe? Linganisha na vibanda vile vya PS2, umeme ukiwepo gemu ipo, Underground 2 inachezwa mpaka leo na leseni zake sijui zilikufa lini na haiwahusu wanaocheza.

Leseni zenyewe mimi sizipingi, hilo nataka lieleweke. Kampuni ina haki na jina lake, na kuna faida imepatikana pande zote mbili: skrini ya vipimo iliyomo ndani ya Nissan GT-R ya 2007, gari ya kweli, ilibuniwa na Polyphony Digital, watengenezaji wa Gran Turismo, na sidhani kama kuna tangazo lolote la Nissan lililowafundisha vijana wa Wete na Michenzani kuitambua Skyline kwa taa za nyuma tu kama ile gemu ilivyowafundisha. Ninachokipinga ni mkataba wa miaka michache kufichwa nyuma ya kitufe kilichoandikwa nunua. California wameshatunga sheria, imeanza kazi 1 Januari 2025, kwamba duka la onlaini likikuuzia kitu cha namna hiyo likwambie wazi unapewa ruhusa ya kutumia, si mali. Ni hatua, ila tarehe ya kumalizika bado hawaandiki, na nadhani hiyo ndo inatakiwa iwe juu ya kasha kwa namba kubwa kama kwenye pakti ya maziwa ya unga.

Mpaka hapo, kabla hujatoa pesa angalia vitu vichache: kama inapatikana kwa sidii chukua sidii, uliza kwa waliokwisha kuicheza kama inafunguka intaneti ikiwa imezimwa kabisa, si sehemu yake bali yote, na kama gemu ya magari ya kweli imeshakaa sokoni miaka mitatu minne na ghafla bei imeshuka vibaya, mara nyingi inakaribia kuondolewa, kwa hiyo kama unaitaka ndo wakati wake, na kama haifunguki kabisa bila seva iache hapo hapo.