Wakfu si mchango

Nimemsikia tena msemaji mwenye nia njema kabisa akitangaza kwamba wakfu wa madarasa ya dini umetimia, kwamba fedha zote zitawalipa walimu na kugharimia mihadhara miwili mwezi huu, na kwamba mwezi ujao watu wajiandae kuchangia wakfu mwingine. Kazi hiyo ni ya kheri na ninaiombea baraka, ila jina lililotumika si lake.

Wakfu ni mali ambayo mwenyewe ameitoa katika miliki yake na kuifunga kwa lengo jema, ili asili yake ibaki na manufaa yake ndiyo yatumike. Anayeelewa neno ibaki ameelewa karibu kila kitu.

Neno lenyewe tumelipata kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusimama na kusimamisha, na kinachosimamishwa hapa ni safari ya mali kutoka mkono hadi mkono. Katika nchi za Maghribi, yaani Afrika ya kaskazini-magharibi, jambo hilohilo huitwa hubusi, kutoka mzizi wa kuzuia. Hata Kiswahili, bila kuazima, kimemwita anayeitunza mali hiyo msimamizi, naye anatokana na kusimama. Wakristo nao wanaposema madhabahu imewekwa wakfu, wazo haliko mbali: kilichotengwa hakirudi kwenye matumizi ya kawaida.

Mfano ninaoupenda ni wa Umar bin Khattab, aliyepata shamba Khaibar, mji wa mitende kaskazini mwa Madina, na kumwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kutaka ushauri. Aliambiwa kwamba akipenda aizuie asili na atoe sadaka mazao. Basi shamba likawa haliuzwi, halitolewi zawadi wala halirithiwi, na mazao yake yakawaendea maskini, jamaa, wageni na wasafiri, huku msimamizi akiruhusiwa kula kwa wastani bila kujilimbikizia. Tende ziliweza kuliwa kila msimu, lakini mitende ilibaki ardhini.

Ndiyo maana wanazuoni walibishana sana juu ya fedha taslimu. Shamba hulimwa likabaki, nyumba hukaliwa ikabaki, lakini fedha haimfai mtu mpaka imtoke mkononi. Sasa kitasimama nini? Katika karne ya 16, katika dola ya Waosmani iliyotawaliwa kutoka Istanbul, mufti mkuu Ebussuud Efendi aliutetea wakfu wa fedha na mwanazuoni Birgivi akaupinga vikali, na sehemu kubwa ya utetezi ilisimama juu ya sharti kwamba mtaji usiliwe. Nauheshimu ubishi huo, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zinalinda kitu kimoja.

Mpango wa namna hiyo haukuwa wa Waislamu peke yao. Adam Gifford, jaji wa Uskoti, aliandika wosia mwaka 1885 akiviachia vyuo vikuu vinne vya nchi yake paundi 80,000 kwa ajili ya mihadhara kuhusu elimu ya Mungu, akaagiza iwe wazi kwa watu wote na si wanafunzi tu, na kwamba mhadhiri aweza kuwa wa dini yoyote au asiwe na dini. Mihadhara ilianza mwaka 1888, na hadi leo inatolewa. Mtaji ungegawiwa wahadhiri wa miaka ya mwanzo, vizazi vilivyofuata visingesikia chochote.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaokusanya fedha za kumlipa mwalimu wa mwezi huu, semeni mnakusanya mchango, au sadaka, na hakuna atakayewapunguzia heshima kwa hilo. Siku mtakaponunua chumba kimoja cha kupangisha, mkaandika kwamba hakiuzwi na kodi yake ni ya mwalimu, hapo tangazeni wakfu, nami nitakuwa wa kwanza kuitikia.