Kabla ya kumpa jina anemoni wa tangini, tazama kiwiliwili chake

Picha ninazoletewa na wenye matangi ya maji ya bahari, wengi wao wa nyumba za wageni za Nungwi na Paje hapa Unguja, karibu zote zimepigwa kutoka juu. Anemoni, mnyama laini wa baharini, kakunjua minyiri yake yote, ile mikono inayozunguka mdomo wake, rangi zinang'aa, na swali ni lile lile: huyu ni nani? Hamu hiyo naielewa, maana ni mnyama mzuri kwelikweli. Lakini upande wa juu ndio wenye habari chache. Jina lake litafute chini: kwenye kiwiliwili, kwenye wayo anaojishikizia, na mahali alipochagua kukaa.

Rangi iache kabisa. Spishi moja huweza kuwa ya kahawia, ya kijani au ya zambarau, na sehemu kubwa ya ile kahawia hutokana na mwani mdogo sana uliomo ndani ya nyama yake, unaomlisha kwa nguvu za jua. Maji yakizidi joto mwani huo hutoka, naye hubaki mweupe. Ndivyo matumbawe yetu yalivyopauka mwaka 2016. Wapo pia wafanyabiashara wa nje wanaowatia rangi ya bandia, hasa ya njano, na mnunuzi hudhani kapata spishi adimu kumbe kauziwa mgonjwa. Jambo hilo hunikera sana.

Spishi za anemoni duniani zinapita 1,000, ila zinazoishi na wale samaki wa anemoni ni 10 tu. Kwenye miamba yetu, samaki hao hutusaidia sana. Amphiprion akallopisos, mwenye mwili wa chungwa iliyopauka na mstari mweupe unaopita mgongoni kuanzia usawa wa macho, hukaa na anemoni wawili tu: Radianthus magnifica, ambaye vitabu vya zamani humwita Heteractis magnifica, na Stichodactyla mertensii. Amphiprion allardi, mwenye mikanda miwili myeupe na mkia mweupe, hukaa na Entacmaea quadricolor, na Heteractis aurora, na huyo huyo mertensii. Kwa hiyo mzamiaji anayemkuta akallopisos ametulia ndani ya minyiri ameshabakiwa na majina mawili.

Tangini ushahidi huo hauna nguvu tena. Samaki aliyemkosa mwenyeji wake hujisitiri kwa yeyote atakayempata, hata kwenye matumbawe laini. Usimtambue anemoni kwa mgeni wake ikiwa mgeni mwenyewe hakuwa na pa kuchagua.

Turudi kwenye kiwiliwili. Magnifica hupenda kukaa juu ya mwamba ulio wazi, na kiwiliwili chake kina rangi moja iliyokolea, mara zambarau, mara nyekundu, mara nyeupe. Minyiri ni minene na ncha zake ni butu. Mertensii hujitandaza juu ya mwamba, pengine kupita mita moja kwa upana, na minyiri yake ni mifupi, mingi yake sentimita 1 hadi 2. Mfunue ukingo taratibu utaona chunjua za waridi au za chungwa upande wa chini. Binamu yake, Stichodactyla haddoni, naye ana minyiri mifupi, lakini ni mwenyeji wa mchangani: kiwiliwili hukifukia, chunjua zake hazina rangi ya kuvutia, na ukimgusa ananata mkononi kwa nguvu. Kuwachanganya hawa wawili tangini ni rahisi, kwa sababu mwenye tangi ndiye aliyewachagulia pa kukaa.

Anayewasumbua watu zaidi ni quadricolor. Watu wamezoea kumjua kwa vifundo vilivyovimba kwenye ncha za minyiri, basi vikitoweka husema si yeye. Vifundo hivyo huja na kuondoka kwa mnyama yule yule. Minyiri ikirefuka na kuchongoka hufanana mno na ya Radianthus crispa, na hapo hakuna picha ya juu itakayokuokoa. Tazama kiwiliwili: cha quadricolor ni laini, hakina chunjua hata moja, na wayo kauficha ndani kabisa ya ufa wa jiwe. Cha crispa ni kigumu, na chunjua zake zimetokeza wazi. Aurora hana utata: minyiri yake imevimba hatua kwa hatua mithili ya punje za tasbihi.

Hapa mwenye tangi ana bahati kutushinda sisi tunaolala kifudifudi juu ya mwamba. Anemoni hutembea, na akipanda kwenye kioo utamwona wayo na kiwiliwili bila kumsumbua. Subiri wakati huo, umulike tochi kutoka ubavuni, upige picha. Usimbandue kwa kucha ili umwone chini. Wayo ukichanika, jeraha huoza upesi.

Wadogo wa kahawia waliokuja na mawe, wenye minyiri myembamba na wanaojirudisha ghafla wakiguswa, si watoto wa magnifica. Hao ni Aiptasia, na kuwakata kunawazidisha, kwani kipande cha wayo hukua kikawa mnyama mzima. Na yule wa mchangani anayeishi ndani ya mrija aliojitengenezea, mwenye duru mbili za minyiri, ya nje mirefu na ya ndani mifupi, ni wa kundi la Ceriantharia, jamaa wa anemoni tu.

Baadhi ya spishi huhitaji hadubini: kukata misuli vipande vyembamba, na kupima vifuko vya sumu vilivyomo kwenye seli za kuwasha. Kwa picha peke yake siendi huko. Nikioneshwa minyiri mifupi tu, bila chunjua wala wayo, ninaandika Stichodactyla na nafasi ya jina la pili ninaiacha wazi mpaka picha ya ubavuni ije.